Mtoto anaomba hifadhi, anahojiwa kama mtu mzima. Njooni tuongee

#1 Mkalimani_wa_Zamu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za saa hizi.

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye mahojiano ya waomba hifadhi kwa miaka kadhaa sasa. Sitaji nchi wala ofisi, na habari za watoto nimezichanganya makusudi, umri wa huyu na safari ya yule, ili asitambulike yeyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ukitaja mtoto mkimbizi watu wengi wanawaza hema, blanketi na foleni ya maji. Mimi nataka tuongelee meza. Upande mmoja afisa na kompyuta yake, upande wa pili mtoto, mimi pembeni.

Kisa cha kwanza. Mvulana, makadirio miaka 12. Kaingia, na kabla hajakaa akaniambia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, kama ambavyo ungeitikia wewe. Afisa akainua macho: mmesemezana nini? Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila kinachotamkwa mle chumbani kitafsiriwe, kwa hiyo nikatafsiri. Haya, jaribu wewe kuitafsiri shikamoo. Nikasema ni salamu ya heshima ya mdogo kwa mkubwa. Na hilo "mama" je? Mna undugu? Nikaeleza. Ikaandikwa. Muda wote huo mtoto anatazama watu wazima wawili wanavutana kwa lugha asiyoijua juu ya kitu alichosema yeye, na usoni unaona kabisa anajua ameshakosea, ila hajui kosa lenyewe. Kuanzia hapo hakuniita chochote. Ikawa "ndiyo", "hapana", "sijui", mpaka mapumziko.

Kisa cha pili ni cha huyo huyo, baada ya mapumziko. Waliondoka nyumbani saa ngapi? Saa mbili usiku. Nikasema saa ishirini kamili. Afisa akafungua jalada la mahojiano ya awali, yaliyofanyika kwa simu na mkalimani mwingine, na humo imeandikwa saa mbili za kizungu, yaani saa nane ya usiku wetu. Akamuuliza kwa upole tu, "Mara ya kwanza ulisema usiku wa manane. Leo unasema jioni. Ukweli ni upi?"

Mtoto hakuwahi kusema vitu viwili. Alisema kitu kimoja mara mbili.

Niliomba ruhusa nieleze kuhusu saa zetu, afisa akawa muungwana, akarekebisha. Lakini fikirieni siku ambayo mkalimani amechoka, au Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, au anaona si kazi yake. Inabaki kwenye jalada: maelezo ya mwombaji yanapingana. Na haya ya saa ni mepesi. Njoo kwenye undugu. Mtoto anasema "kaka yangu" akimaanisha mtoto wa baba mkubwa. Anasema "baba" kwa baba mdogo aliyemlea. Kwenye fomu ya familia hakuna kaka, na baba imeandikwa amefariki. Sasa huyo baba uliyemwona juzi sokoni ni yupi?

Ninachosema ni kwamba mtoto anabebeshwa kipimo cha mtu mzima, na hatari kubwa inakaa kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna mwanasiasa atavipigia kelele. Nawakaribisha mliopitia, mnaofanya kazi hizi, na mnaopinga pia.

#2 Kiti_cha_Mbele

Hapo kwenye saa nimecheka, halafu nikanyamaza. Naweka kambi.

#3 Mzee_wa_Rufaa

Dada Mkalimani, hilo la saa nimekutana nalo kwenye majalada mara nyingi kuliko unavyodhani, na si kwa Kiswahili peke yake. Kuna lugha zina kalenda yao, mwaka wenyewe unapishana.

Niongeze upande wa sheria kidogo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamhusu mtu yeyote, wa umri wowote, lakini ulipoandikwa aliyekuwa kichwani mwa waandishi ni mtu mzima. Haukusema mtoto ahojiweje. Ilibidi kusubiri Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 22, ndipo mtoto anayetafuta hifadhi akatajwa waziwazi, awe na mzazi au awe peke yake. Mwaka uliofuata Afrika nayo ikapitisha Mkataba wake wa Haki na Ustawi wa Mtoto, humo angalia kifungu cha 23. Ule wa 1989 umeridhiwa na nchi 196. Marekani ilitia saini 1995, mpaka leo haijaridhia.

Kwa hiyo sheria ipo. Mwaka 2009 shirika la UN la wakimbizi, UNHCR, likatoa mwongozo mahususi wa maombi ya watoto. Unasema mambo mawili ambayo nayatumia kila wiki. Moja, kuna mateso yanayomfuata mtoto kwa sababu tu ni mtoto: kuingizwa jeshini, kuozwa, kukeketwa, kuuzwa. Afisa akiuliza "ulikuwa mwanachama wa chama gani?" ameuliza swali la baba yake. Pili, mtoto akiwa peke yake mwamuzi anatakiwa naye abebe mzigo wa kutafuta ukweli, si kukaa tu akisubiri mtoto athibitishe.

Mkitaka kuona mfumo unavyoweza kumpoteza mtoto huku kila mtu akifuata utaratibu, someni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Oktoba 2006, dhidi ya Ubelgiji. Msichana wa miaka 5 kutoka Kongo. Mama yake alikuwa ameshapata ukimbizi Kanada. Mjomba akambeba ampitishie Ulaya, karatasi hazikutimia, mtoto akashikiliwa uwanja wa ndege wa Brussels. Kawekwa kituo cha watu wazima karibu miezi miwili, peke yake, wakati simu ya mama ilikuwa inajulikana. Oktoba 2002 wakampandisha ndege kumrudisha Kinshasa. Miaka mitano. Hakukuwa na ndugu wa kumpokea uwanjani. Mahakama ikasema wazi kwamba udhaifu wake kama mtoto ulipaswa kutangulia hadhi yake ya mgeni asiye na kibali. Alikuja kuungana na mama yake Kanada mwisho wa mwezi ule ule wa Oktoba, maana yake iliwezekana tangu mwanzo.

#4 Sina_Haya

Mtanisamehe, kuna upande hamuugusi. Watu wana ndevu, wana miaka 25, wanasema wana 16 kwa sababu wanajua mtoto harudishwi kirahisi. Wanalala bweni moja na watoto wa kweli. Hapo haki za watoto zimelindwa au zimevunjwa? Halafu dada Mkalimani, kazi yako si kutafsiri tu? Naona umeshakuwa wakili.

#5 Mkalimani_wa_Zamu

Swali la haki hilo. Mimi siamui nani mkweli na siulizwi. Nimekaa na watoto ambao moyoni nilihisi wananidanganya, na uwongo wao nimeutafsiri vizuri vile vile, bila kuupamba wala kuupunguza. Lakini neno likiondoka mdomoni mwa mtoto likiwa saa mbili na kufika kwenye karatasi likiwa saa nane, hiyo ni kazi yangu haijafanyika.

La umri niwaachie wenye utaalamu.

#6 Mionzi_Kidogo

Mwenye utaalamu kidogo nipo. Nafanya kazi idara ya mionzi, na tumeshaletewa vijana wa namna hiyo.

Kinachofanyika ni hivi: tunapiga eksirei ya kiganja cha kushoto na kifundo chake, kisha picha inalinganishwa na picha za kwenye atlasi, yaani kitabu cha picha za mifano za mifupa kwa kila umri. Inayojulikana zaidi ni ya Greulich na Pyle, toleo la 1959. Picha zile zilitokana na watoto wazungu wa familia zenye uwezo, mjini Cleveland, Marekani, kuanzia miaka ya 1930. Na atlasi haikutengenezwa kwa ajili ya uhamiaji. Ilitengenezwa kumsaidia daktari wa watoto ambaye tayari anajua mtoto huyu ana miaka 10, sasa anataka kujua kama mifupa inakua sawasawa. Sisi tumeligeuza swali kichwa chini: mifupa iko hivi, haya tuambie ana miaka mingapi.

Haitoki hivyo. Kuna wavulana mifupa ya kiganja inakamilika kufunga wakiwa na 16 au 17. Ikishafunga imefunga. Wa 17 na wa 22 unaweza kuweka picha zao kwenye taa moja na usione tofauti. Njaa na maradhi ya muda mrefu navyo vinachelewesha, kwa hiyo unaweza pia kumwita mtu mzima mtoto. Kosa la mwaka mmoja au miwili kila upande ni jambo la kawaida kabisa, na swali lenyewe ni la mwaka mmoja au miwili.

Halafu kuna jambo linanikera binafsi. Ni mionzi, hata kama ni kidogo. Nafundishwa kwamba kila picha iwe na faida kwa mgonjwa. Hapa mgonjwa hayupo. Nimewahi kumuuliza kijana kama anajua kwa nini ameletwa, akasema ameambiwa ni kupima kama ana ugonjwa. Huwezi kusema huyo ameridhia.

#7 Sina_Haya

Nimekusoma mkuu, la atlasi sikulijua. Lakini hujanijibu. Tuwaamini wote?

#8 Mzee_wa_Rufaa

Hakuna aliyesema hivyo. Kamati ya UN ya Haki za Mtoto ililiandikia jambo hili mwaka 2005, kwenye Maoni ya Jumla namba 6: umri usitazamwe kwa sura tu, kipimo kiheshimu utu wa mtoto, na shaka ikibaki, ibaki upande wake. Anachukuliwa mtoto mpaka ijulikane vingine.

Na hoja yako ya bweni ni ya kweli. Mtu mzima akilazwa na watoto, watoto wako hatarini, na mwanaharakati anayekataa hilo anawadhuru anaowatetea. Jibu lake ni chumba cha pembeni na mtu wa zamu usiku wakati uchunguzi ukiendelea, uchunguzi unaofanywa na watu wa ustawi wa jamii walioongea na kijana zaidi ya mara moja. Inachukua muda na inagharimu. Ila pima makosa mawili: mtu mzima aliyepelekwa kwa watoto ataonekana na kuhamishwa. Mtoto aliyepelekwa kwenye kizuizi cha watu wazima ataonekana na nani?

#9 Januari_Mosi

Nimesoma kuanzia juu. Sikutaka kuchangia ila jina langu la humu limeniponza.

Nilifika peke yangu nikiwa na 14, au 15, mama alikuwa anahesabu kwa tukio lililotokea kijijini na mimi sikumbuki lilikuwa mwaka gani. Afisa akahitaji tarehe. Sina. Akaandika Januari 1. Baadaye nikaja kugundua tuko wengi, ndiyo tarehe wanayotupa tusio na tarehe. Bwenini tulikuwa tisa, saba tumezaliwa siku moja. Mwaka mpya walituimbia mara moja kwa wote, ikawa imetosha.

Utani una mwisho. Tarehe 31 Desemba ya mwaka fulani nilikuwa mtoto. Nina mlezi, nina kitanda, nina mtu wa kunipigia simu nikichelewa kurudi. Tarehe 1 Januari nikawa mtu mzima kwa tarehe ambayo mtu aliibuni ili fomu isibaki na nafasi tupu. Ofisi zimefungwa, sikukuu. Tarehe 2 asubuhi nikapewa mfuko mweusi wa taka niweke vitu vyangu, na karatasi yenye anwani ya makazi ya watu wazima mji mwingine. Mlezi wangu, Mungu ambariki, alinisindikiza mpaka kwenye basi ingawa kisheria hakuwa mlezi wangu tena. Ombi langu la hifadhi lilikuwa bado halijajibiwa. Nililipeleka nikiwa mtoto, likakaa mezani mpaka nikaota ndevu.

Kuhusu mahojiano: niliulizwa habari ya kifo cha baba na watu sita tofauti. Polisi wa mpakani, mtu wa mapokezi, nesi, mtu wa ustawi wa jamii, wakili, afisa. Wa tano nilishaanza kuikariri, inatoka kama shairi la darasani. Wa sita akaandika kwamba nasimulia bila hisia.

#10 Kiti_cha_Mbele

Pole sana kaka. Hiyo ya mwisho imenikaba.

#11 Sina_Haya

Pole ndugu yangu, sikuandika kukulenga wewe. Ila niulize kwa heshima, kwa sababu ndilo linalosemwa sana mtaani: si kweli kwamba wazazi wanawatanguliza watoto makusudi, mtoto akipokelewa familia nzima inafuata?

#12 Januari_Mosi

Mama alihesabu pesa ya wasafirishaji mara mbili mbele yangu. Ilitosha mtu mmoja. Waliokuwa wanatafutwa kuingizwa porini ni wavulana. Wewe ungemtoa nani?

Na hajafuata. Ni miaka tisa.

#13 Mzee_wa_Rufaa

Kwa faida ya wasomaji: hiyo "familia nzima inafuata" inategemea sana nchi. Uingereza kwa mfano, mpaka Septemba 2025 maombi mapya yaliposimamishwa, mtu mzima aliyepewa ukimbizi aliweza kuomba mwenza na watoto wake wamfuate, lakini kanuni hizo hazikumpa mtoto aliyepewa ukimbizi nafasi ya kuwaombea wazazi wake. Umoja wa Ulaya, mtoto aliye peke yake anaruhusiwa kuwaombea wazazi, na hapo kesi ya Januari_Mosi ingekuwa na maana. Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri lililotoka Uholanzi, la binti aliyeomba hifadhi kabla ya 18 akafikisha 18 ombi likiwa bado linashughulikiwa. Wakasema kinachohesabika ni umri wa siku ulipoomba. Isingekuwa hivyo, ofisi ingeweza kumnyima mtoto mama yake kwa kuchelewesha tu jalada.

Kaka, nitumie ujumbe pembeni. Siahidi kitu.

#14 Tetesi_za_Jioni

[picha imeondolewa]

Huyu hapa ni mmoja wao wadau, kafika wiki iliyopita, ona alivyokonda. Sambaza iwafikie wahusika.

#15 Msimamizi_wa_Jukwaa

Picha imeondolewa. Naomba isirudishwe hata ikiwa imefunikwa macho.

#16 Mkalimani_wa_Zamu

Asante Msimamizi. Tetesi, najua nia ni njema. Lakini anayeomba hifadhi ana mtu anayemkimbia, na mtu huyo naye ana simu. Hata asipomfikia mtoto, anawafikia waliobaki nyumbani. Ndiyo maana hata ubalozi wa nchi yake haupaswi kuambiwa kwamba ameomba hifadhi. Na siku moja atakuwa mtu mzima anayetafuta kazi, jina lake likitafutwa inatokea ile sura ya njaa.

#17 Tetesi_za_Jioni

Nimeelewa dada, samahani. Nimefuta na kwenye magrupu mengine, ingawa huko ilishatembea.

#18 Mwalimu_wa_Zamu_ya_Pili

Nije na ya darasani. Ninafundisha darasa la mapokezi, watoto waliofika karibuni, lugha kwanza kisha masomo.

Nilikuwa na msichana wa miaka 10, alikuwa anakuja na begi kubwa la mgongoni limejaa mpaka zipu haifungi. Vitabu alikuwa na viwili. Halivui. Kwenye kiti anakaa nusu, begi limekaa nusu nyingine. Wenzangu wakasema mlazimishe aliweke nyuma kama wengine. Nikaacha. Wiki ya nne hivi likamwagika lenyewe: nguo zake zote, za mdogo wake, mswaki, chaja, bahasha ya karatasi. Kumbe familia ilikuwa imehamishwa vituo mara tatu, na mara mbili kati ya hizo walihamishwa watoto wakiwa shuleni. Walirudi wakakuta vyumba vina watu wengine. Akaamua hataachwa tena na vitu.

Watu wanaongelea tiba ya kiwewe, na wapo wanaoihitaji kweli. Lakini huyu alihitaji mtu wa kumwambia Jumatatu kwamba Alhamisi mtahama. Niliandika barua kwa wasimamizi wa makazi, sikujibiwa. Tukampa kabati lenye kufuli na ufunguo wake mwenyewe, ufunguo kauvaa shingoni. Begi likapungua polepole, soksi kwanza.

Umoja wa Ulaya una kanuni kwamba mtoto mwomba hifadhi asikae zaidi ya miezi 3 bila kuingizwa shule, ya mwaka 2013 hiyo, na ile mpya ya 2024 ikashusha kuwa miezi 2. Nzuri. Ila mtoto akihamishwa kila wiki ya saba anaanza shule upya kila mara, hata kanuni ikifuatwa.

#19 Dirisha_Wazi

Mmegusa makazi, mmenikumbusha Uingereza. Kuanzia 2021 watoto waliofika bila wazazi walianza kuwekwa hotelini wakisubiri halmashauri za kuwapokea. Januari 2023 waziri mwenyewe akalieleza Bunge kwamba katika watoto kama 4,600 waliopita humo, takriban 200 hawajulikani walipo. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikasema kuwaweka hotelini kama utaratibu wa kawaida ni kinyume cha sheria. Na ni Julai hiyo hiyo lilipotoka lile la kituo cha mapokezi cha Kent, kuta zilikuwa na michoro ya katuni kwa ajili ya watoto, ikaamriwa ipakwe rangi ifutike, kwa hoja kwamba inaonekana kukaribisha mno. Yaani kuna mtu alilipwa kwenda na ndoo na brashi kumfuta Mickey Mouse.

#20 Sina_Haya

Hilo la kufuta katuni hata mimi mgumu siliwezi.

#21 Mkalimani_wa_Zamu

Kabla uzi haujazama niseme la watoto wenye wazazi, maana tumewaongelea walio peke yao tu. Mtoto akija na mama na baba mfumo unamwona kama mzigo wa mkononi. Jina lake linaingia kwenye jalada la baba, basi. Hakuna anayemuuliza. Kifungu cha 12 cha ule Mkataba wa 1989 kinasema mtoto anayeweza kutoa maoni yake asikilizwe katika shauri linalomhusu, lakini nimekaa kwenye mahojiano ya familia nyingi na ningeweza kuhesabu kwa vidole watoto walioulizwa hata swali moja.

Wakati mwingine sababu yenye nguvu kuliko zote ni ya mtoto. Kuna baba alieleza saa tatu nzima habari ya siasa zake, dhaifu, haikushika. Mama akaomba tuongee pembeni. Binti yao wa miaka 9 alikuwa anasubiriwa kijijini kwa wembe, na mpangaji ni bibi mzaa baba. Baba hakulisema kwa sababu ni mama yake mzazi. Afisa asingempa mama dakika kumi za peke yake, hilo lisingeingia kokote.

Na kinyume chake, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Nimeshafika mahali, si kwenye mahojiano rasmi bali kliniki, nikakuta mvulana wa miaka 11 ndiye mkalimani. Mimi nilikuwa nimechelewa, wameanza bila mimi. Mama anaulizwa alifanywa nini njiani, na mtoto ndiye anatafsiri swali, kisha anasubiri jibu. Mama akamtazama mwanawe, akasema, "Waambie kichwa kinauma." Mtoto akatafsiri: kichwa kinauma. Nilipoingia nikamwomba daktari atoke nje kidogo na huyo mtoto, kisha tukaanza upya. Sikuwa na mamlaka ya kuomba hivyo, nashukuru hakubisha.

Watoto wanajifunza lugha mpya haraka kuliko wazazi, ndiyo maana kila ofisi inawatumia. Hawalipwi, hawachelewi, wapo pale pale. Msikubali. Hata ukiwa jirani tu umesindikiza familia, sema mkalimani aitwe kwa simu.

#22 Kiti_cha_Mbele

Sasa sisi tusio mawakili wala manesi tunafanya nini? Maana nimekaa hapa tangu asubuhi natikisa kichwa tu.

#23 Mzee_wa_Rufaa

Angalia kama nchi unayoishi ina ulezi wa hiari. Italia ilipitisha sheria namba 47 ya mwaka 2017: raia wa kawaida anapewa mafunzo, anateuliwa na mahakama ya watoto kuwa mlezi wa mtoto aliyefika peke yake, kwa kawaida watoto wasiozidi watatu kwa mlezi mmoja. Haishi naye wala halipi gharama zake. Anasaini, anahudhuria mahojiano, anauliza kwa nini jalada halijasogea. Zamani meya au ofisa mmoja alikuwa mlezi wa makumi ya watoto kwenye karatasi, hawajui hata sura. Katika kesi zangu tofauti inaonekana kabla sijasoma hoja za kisheria. Mtoto mwenye mlezi anayemjua, jalada lake lina barua nyingi. Asiye naye, jalada lake jembamba.

Uholanzi wao wana taasisi nzima ya ulezi, Nidos, inayoteuliwa kwa kila mtoto aliyefika peke yake. Mfumo si lazima ufanane. Muhimu awe mtu mwenye jina, na maslahi yake yasigongane na ya ofisi inayoamua.

#24 Januari_Mosi

Nathibitisha. Yule aliyenipeleka kwenye basi ndiye aliyepinga yale maneno ya "bila hisia". Aliwaandikia kwamba usiku wa kabla ya mahojiano nilitapika mara tatu, alikuwepo. Hakuna mwingine ambaye angelijua hilo.

#25 Kiti_cha_Mbele

Dada Mkalimani, nimebaki na swali la kijinga. Siku hizi mtoto akikupa shikamoo unafanyaje?

#26 Mkalimani_wa_Zamu

Si la kijinga hata kidogo. Nina karatasi nusu ukurasa, namsomea afisa kabla mtoto hajaingia. Haichukui dakika tano. Mpaka leo hakuna aliyekataa, wengi wanaomba nakala.

Inasema hivi: Mtoto atanisalimu na nitaitikia, ni adabu, hatujuani. Anaweza kuniita mama, dada au shangazi, mkalimani mwenzangu wa kiume ataitwa baba au mjomba, na hata wewe afisa utaitwa hivyo. Akitaja saa nitarudia kwa saa zenu na nitasema kwamba nimebadilisha. Akitaja kaka, dada, baba au mama, nitaomba ruhusa kumuuliza "tumbo moja?" au "aliyekuzaa?" na jibu liandikwe hivyo. Akitazama chini hakufichi kitu, anakuheshimu. Akisema "sijui" ninaomba umuulize kama hajui, hakumbuki au hataki kusema, maana kwa mtoto neno moja hubeba yote matatu. Akisema "kesho kutwa" akimaanisha zamani, usicheke, mdogo sana huyo.

Kama mnatumia lugha nyingine wekeni za kwenu. Mwenye kalenda yake yenye mwaka tofauti, aliyoitaja Mzee, huyo namtafuta hasa.